Maswali ya Wasomaji: Kasha la Kilima cha Salaita

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa mstari mmoja tu, kwamba nilipanda kilima cha Salaita kando ya barabara ya Voi na Taveta nikiwa na mpwa wangu, aliyetaka kuona kama panafaa kufichwa kasha la mchezo wa jiokashi. Mstari huo umeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua sita kati ya hizo, na nimezijibu kwa kadiri kila moja ilivyohitaji.

Swali: Shikamoo Mzee. Umetaja kasha la jiokashi kana kwamba sote tunalijua. Huu ni mchezo gani, na ndani ya kasha hilo kuna mali gani hata mtu apande kilima juani? (Mfanyabiashara, Mwatate)

Jibu: Marahaba, mwanangu, na uniwie radhi kwa kutoeleza. Jiokashi ni mchezo wa kuficha na kutafuta. Mtu huficha chombo kidogo chenye daftari, hupima mahali pale kwa GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaomwonyesha mtu alipo, kisha hutangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo yake pamoja na maelezo ya mahali penyewe. Anayetaka kukitafuta huzifuata namba hizo kwa simu yake, na akikipata huandika jina lake na tarehe kwenye daftari, hukirudisha palepale alipokikuta, kisha huwaeleza wenzake mtandaoni aliyoyaona. Mali haimo. Huenda ukakuta shanga, sarafu ya nchi ya mbali au kigari cha plastiki, na desturi ni kwamba ukichukua kitu uache kingine chenye thamani ileile au zaidi.

Mchezo huu siku yake ya kuzaliwa inajulikana. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani, wakati wa Rais Bill Clinton, iliacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za GPS walizokuwa wakizipata raia, uvurugaji ambao ulikuwa ukimkosesha mtu shabaha kwa kiasi cha mita 100. Siku iliyofuata Dave Ulmer alifukia ndoo nyeusi yenye vitu vidogo vidogo karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vyake, na kabla ya siku tatu kwisha ilikuwa imepatikana. Jina la mchezo, geocaching kwa Kiingereza, lilipendekezwa mwisho wa mwezi uleule. Nusu yake ya pili inatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya maficho, na kwamba limefanana kwa sauti na kasha letu, tulilolipata kwa Wareno, ni bahati njema ambayo mimi nimeamua kuitumia.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari karibu na Taveta. Wanafunzi wa chama chetu wanataka kuficha kasha kwenye kilele cha Salaita, na mzazi mmoja amejitolea sanduku la chuma ambalo zamani lilikuwa la risasi, akiona kwamba linaoana na uwanja wa vita. Tuandike nini katika maelezo? Na je, ni kweli kwamba jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo, kama wanavyosema baadhi ya waongoza watalii? (Mwalimu, Taveta)

Jibu: Mwalimu, nianze na kilele, kwa sababu kilele ndicho kilichowapoteza waliokuja kukishambulia.

Asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza lilitokea mashariki, upande wa Mbuyuni, chini ya Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson, na ndani yake mlikuwamo vikosi vitatu vya askari wa miguu kutoka Afrika Kusini ambao walikuwa ndiyo kwanza wamefika katika vita vya huku. Mizinga ilianza kwa kukipiga kilele, maana wakubwa wao waliamini kwamba adui amejichimbia juu. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa chini, katika mahandaki waliyoyachimba kuzunguka tako la kilima na kuyaficha kwa vichaka, kwa hiyo makombora yalipita juu ya vichwa vyao na kupasua mawe matupu. Waafrika Kusini walipokaribia walipokewa na bunduki za rashasha kutoka mahali wasipopatazamia, kisha askari wa akiba wa Wajerumani wakachomoza porini na kuwapiga ubavuni, wakarudi nyuma kwa vurugu wakiacha zaidi ya mia moja waliouawa, kujeruhiwa au kupotea. Waliowazuia wafukuzaji ni askari wa kikosi cha 130 cha Baluchi, kutoka Bara Hindi, watu ambao baadhi ya Waafrika Kusini hao hao walikuwa wakiwadharau kwa kuwaita makuli. Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts, ambaye alikuwa amepewa uongozi wa jeshi lote, alizunguka kwa upande wa ziwa Chala, na Wajerumani wakakiacha kilima kwa hiari yao.

Sasa fikiria kasha lenu likiwa kileleni. Mgeni atapanda macho yakiwa kwenye simu, atalifungua, atapiga picha ya Kilimanjaro na kushuka, naye atakuwa ametazama kulekule juu walikotazama wapiga mizinga. Mimi ningewashauri wanafunzi watengeneze kasha la hatua, ambalo kila kituo hutoa swali, na majibu yakiunganishwa ndipo namba za mwisho zinapatikana. Kituo cha kwanza kiwe uwandani, mashariki ya kilima, na mgeni aulizwe: kama wewe ungekuwa unakilinda kilima hiki kwa watu wachache, ungewaweka wapi? Ajibu kwanza, kisha ndipo aelekezwe handakini.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo nililoliona. Tulipofika kwenye handaki la upande wa mashariki mpwa wangu alilivuka bila kujua kwamba amelivuka. Leo ni mfereji usiozidi kina cha goti, umejaa majani makavu na kinyesi cha mbuzi, lakini ukingo wake una mawe ambayo ukiyatazama vizuri utaona kwamba yamepangwa kwa mkono. Nilimwomba ajilaze pale kifudifudi. Alipojilaza, kati ya mawe mawili uwanda wote ulimfungukia, hadi barabarani ambako lori lilikuwa likipita, na akanyamaza kwa muda mrefu. Yote niliyomweleza garini tangu Voi hayakumfikia kama yalivyomfikia mawe yale mawili. Wanafunzi wako wakiweza kumfanya mgeni ajilaze pale, huhitaji kuandika maelezo marefu.

Kasha lenyewe lisiwe handakini wala karibu nalo, maana watafutaji huinua mawe, na mawe hayo ndiyo ushahidi uliobaki. Kanuni za mchezo zinakataza kuchimba shimo la kufichia bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi, lakini hapa Salaita msichimbe hata mkipewa idhini, na katazo hilo lichukuliwe kama sheria ya uhai: mahali palipopigwa kwa mizinga huenda bado pana kombora lisilolipuka. Andikeni wazi kwamba mtu akikuta chuma chochote asikiguse, aondoke, aarifu kituo cha polisi, na kwamba maganda ya risasi hayachukuliwi kuwa kumbukumbu ya safari.

Kwa sababu hiyo hiyo mshukuruni mzazi kwa moyo wake na mrudishieni sanduku. Najua kwamba masanduku ya risasi yanatumika sana katika mchezo huu ng'ambo, kwa kuwa hayaingizi maji. Lakini mchunga mbuzi akilikuta kwenye kilima kilicho karibu na mpaka wa nchi, ama ataona ni silaha na kukimbilia polisi, au, lililo baya zaidi, watoto watajifunza kwamba chuma cha kijeshi kilichofichwa Salaita ni kitu cha kufunguliwa kwa furaha. Chukueni mkebe wa plastiki unaoonyesha kilichomo, wenye kifuniko cha kubana, na juu yake mwandike kwa Kiswahili kwamba ni mchezo, una daftari na kalamu ya risasi, na urudishwe ulipokuwa. Wino hukauka au hutawanyika, kalamu ya risasi huvumilia joto na unyevu. Kabla ya hayo yote pateni idhini ya wenye ardhi, mwarifuni chifu, na waulizeni watu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Wakaguzi wa kujitolea wanaopitisha makasha mtandaoni huuliza kuhusu idhini, nao hawakubali kasha lililo chini ya mita 161 kutoka jingine.

Kuhusu jina, hadithi hiyo haiwezi kuwa kweli. Kilima kilikuwa kikiitwa Salaita katika karatasi za jeshi kabla ya siku ya mapigano, na wengine walikiita Oldorobo, kwa hiyo jina halikuzaliwa na damu ya siku ile. Vilevile utasikia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu na kuwadungua askari wa Kiingereza kulipiza kisasi cha mumewe. Muiandike, kwa kuwa ni sehemu ya yale yanayosimuliwa katika nchi ile, lakini muiite hadithi. Mgeni atokaye mbali hana njia ya kupambanua, naye atabeba mlichomwandikia.

Swali: Mzee, shikamoo. Baba wa babu yangu alichukuliwa kuwa kariakoo katika vita hivyo na hakurudi, wala hatujui alipozikwa. Je, si vibaya watu kwenda kucheza mahali kama hapo? (Msomaji, Wundanyi)

Jibu: Marahaba, binti yangu. Swali lako limeninyima usingizi, na sitalijibu kwa haraka.

Vijana wengi wanaopita Kariakoo ya Dar es Salaam au Kariokor ya Nairobi hawajui kwamba majina hayo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, wale waliobeba chakula, risasi na majeruhi kwa vichwa na mabega, kwa sababu magari yalikwama na punda na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, homa na njaa, wala si kwa risasi. Huko Taveta yapo makaburi ya kijeshi yaliyotunzwa vizuri, mawe yamepangwa kwa mistari na kuandikwa majina. Ukimtafuta hapo baba wa babu yako hutampata. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, na Tume ikaomba radhi. Ilichukua zaidi ya miaka 100.

Kwa hiyo nakujibu hivi. Ndani ya makaburi ya kijeshi, au mahali popote ambapo wenyeji wanajua kwamba watu wamezikwa, mimi sitaki kuona kasha, na mtu akiniomba ushauri nitamkataza. Kilima ni jambo jingine, kwa sharti kwamba mgeni asitoke pale akiwajua majenerali peke yao. Nimemwandikia mwalimu wa Taveta nikimwomba kwamba kurasa za mwanzo za daftari zisiwe za watafutaji. Ziachwe kwa majina ya wapagazi ambao jamaa zao wanawakumbuka, jina na kijiji tu, na nakala ya kurasa hizo itunzwe shuleni. Nakuomba, kama familia yako inaridhia, uniletee la baba wa babu yako liwe la kwanza. Na kama wazee wa kwenu watakaa na kusema kwamba kasha lisiwekwe, basi lisiwekwe, na nitasema hivyo katika safu hii hii.

Swali: Ninaishi Leeds, Uingereza, ambako nacheza jiokashi kila mwisho wa wiki. Nitakuja nyumbani Desemba kwa wiki tatu. Naweza kuficha kasha Salaita kisha nilitangaze nikirudi huku? (Msomaji, Leeds)

Jibu: Ndugu yangu, usilifiche. Mwenye kasha ana wajibu wa kulitunza: daftari likijaa au kulowa alibadilishe, kifuniko kikipasuka alete kingine, wenye ardhi wakibadili nia aliondoe siku hiyo hiyo. Kutoka Leeds hutaweza, na wakaguzi hawapendi makasha ya likizo kwa sababu hiyo hiyo. Lakini uzoefu wako unahitajika. Mtafute mwalimu aliyeandika hapo juu, niko tayari kuwaunganisha, uwaonyeshe wanafunzi wake namna kasha zuri linavyotunzwa, na uwaletee daftari la karatasi zisizolowa maji, ambalo huku ni shida kulipata.

Swali: Nilijaribu kupima mahali fulani kwa simu, namba zikawa zinabadilika kila mara ingawa nilikuwa nimesimama. Na nilipomtumia rafiki yangu namba hizo, simu yake ilimpeleka mbali kabisa. Simu yangu ni mbovu? (Kijana, Voi)

Jibu: Simu yako ni nzima. Hata mahali peupe penye anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita chache, tuseme tano hivi, na kosa huongezeka chini ya miti au kando ya jabali, kwa sababu ishara za setilaiti hugonga jiwe kabla ya kukufikia. Dawa yake ni uvumilivu: weka simu chini palepale, ngoja dakika kadhaa, andika namba, ondoka hatua hamsini, rudi upime tena, na ufanye hivyo siku nyingine pia, kisha uchukue wastani.

La rafiki yako ni kosa la uandishi, na ni kosa la kawaida mno. Katika jiokashi namba huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, ilhali ramani nyingi za simu huonyesha digrii zenye desimali peke yake. Chukua mfano wa latitudo ya digrii 3.405 kusini. Ukiigeuza inavyopasa ni digrii 3 na dakika 24.300, maana digrii moja ina dakika 60. Mtu akiisoma harakaharaka kuwa digrii 3 na dakika 40.5 atakwenda karibu kilomita 30 kusini ya mahali alipoelekezwa, na katika nchi yetu hiyo inatosha kumtoa Taveta na kumpeleka mbele ya ziwa Jipe. Ukiandika kwa usahihi, tarakimu ya mwisho ya dakika ni chini ya mita mbili, na kipimo hicho kinatosha kwa mkebe uliofichwa nyuma ya jiwe.

Swali: Ni saa ngapi nzuri kupanda, na mtu ataona nini? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Lala Taveta au Maktau, uwe chini ya kilima kabla jua halijachomoza. Waulize wachungaji kwanza kama ndovu wamepita usiku, maana hii ni njia yao kati ya Tsavo Magharibi na ranchi za jirani, na usipande peke yako. Vaa viatu vya kufunika, miiba ya pale haina huruma, na beba maji ya kutosha, kwa kuwa kilimani hakuna hata tone. Salaita si kirefu, lakini kimesimama peke yake uwandani, kwa hiyo hakuna kinachokukinga usione. Ukiwa juu lipe mgongo jua: mbele yako ni Taveta, nyuma ya mji vilima vya Latema na Reata vilivyopiganiwa Machi 1916, kushoto ziwa Jipe na milima ya Upare, na kulia kwako Kilimanjaro. Kwa kawaida kufikia saa nne mawingu huwa yameshaufunika. Tulipofika sisi ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa na rangi ya waridi, na chini yetu, pale yalipo mahandaki, bado palikuwa giza.